Ile "Na" ya Spring Valley

Je, yule mtu aliyesimama juu ya ngazi za nyumba moja ya Spring Valley, mkono wa simu ukiwa sikioni, alitamka "na" au hakuitamka? Nimestaafu bila kulijibu swali hilo. Najua ni swali dogo kiasi cha kuchekesha: silabi moja, herufi mbili, neno ambalo mtoto hulijua kabla hajajifunza kufunga viatu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili uhai wa mtu mmoja ulining'inia kwenye silabi hiyo, pamoja na haki ya mwanamke ambaye tayari alikuwa kaburini, na mizani ikawa mkononi mwangu.

Siku ya chai ya kuniaga, vijana wa ofisi mliniomba niwaandikie jambo kuhusu miaka yangu ya uendeshaji mashtaka. Nawaandikia kwa furaha. Habari za vyeo nitaziruka. Vyeo vyangu mtavisoma mlangoni, ambako jina langu nadhani bado halijabanduliwa, kwa kuwa fundi wa kubandua majina katika jengo letu ndiye yule yule wa kutengeneza lifti. Majina ya watu nimeyabadilisha. Tena niseme mapema: hakimu aliyelisikiliza jambo hili hatimaye aliandika kwamba hawezi kumtaja mtu yeyote kuwa ndiye aliyesababisha kifo, na faili likarudi kabatini. Anayesoma akitarajia kumjua muuaji, au kujua kama muuaji alikuwapo hata kidogo, aweke karatasi chini sasa, asije akanilaumu.

Niliingia ofisini na shahada ya sheria, viatu vipya vilivyonibana, na imani kwamba kesi ni kama mtihani: jibu liko mahali, kazi yako ni kulitafuta. Nilikabidhiwa kwa Bi Zuhura, wakili mwandamizi, mzaliwa wa Mombasa. Alikuja kazini na buibui, akalivua mlangoni mwa mahakama na kubaki na mtandio, kwa sababu joho la uwakili lilitosha. Mwanamke mmoja, alisema, hana haja ya kuvaa weusi mara mbili. Asubuhi hiyo ya kwanza hakuniuliza nilisoma wapi. Alinipa penseli mbili, nyekundu na nyeusi, na faili moja lililofungwa kwa uzi.

Nyeusi, alinieleza, ni ya kupigia mstari kila kitu ambacho mtu amesema. Nyekundu ni ya kile ambacho kingebaki kuwa kweli hata kama watu wote waliomo failini wangekuwa waongo. Na faili husomwa kutoka nyuma: picha kwanza, kisha ripoti ya daktari, kisha vitu vilivyookotwa, na maelezo ya mshtakiwa mwisho kabisa, maana ukiyasoma mwanzo utayaona hata kwenye picha ambazo hayamo.

Faili hilo la kwanza lilihusu wizi wa mabati huko Kawangware. Nilikaa nalo asubuhi nzima, nikampelekea likiwa limewiva kwa wekundu. Bi Zuhura alichukua kifutio akaanza kazi, huku mimi nikisimama mbele ya meza yake kama mtoto aliyechelewa shuleni. Alipomaliza, kilichobaki chekundu kilikuwa sentensi moja: paa lina tundu. "Sasa tuna pa kuanzia," akasema. Nimemshukuru kwa kifutio kile kuliko kwa mambo mengi niliyofunzwa na watu waliolipwa kunifunza.

Ipo desturi moja ya enzi hiyo ambayo lazima niieleze, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeiona kuwa ya ajabu. Shahidi alikwenda kituoni akazungumza Kiswahili, kile chetu cha Nairobi. Askari alimsikiliza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, kisha akamsomea tena kwa Kiswahili alichokitafsiri papo hapo kutoka kwenye Kiingereza chake mwenyewe. Shahidi akaitikia, akaweka sahihi. Maneno yalivuka mto mara mbili, na kila mara tulichukulia kwamba yamefika ng'ambo yakiwa makavu.

Nilikuwa nimekaa kazini miaka michache, ya kutosha kuviacha viatu vinavyobana, faili la Spring Valley liliponifikia. Marehemu nitamwita Wambui. Alikuwa mwalimu wa piano, mke wa daktari wa meno aliyekuwa na kliniki Kilimani. Waliishi Spring Valley, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani zenye bustani ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kubomolewa moja moja kupisha majumba ya ghorofa. Mumewe nitamwita Daktari Ndegwa. Hawakuwa na watoto. Asubuhi moja mfanyakazi wao wa nyumbani, Peninah, aliingia kutoka chumba chake cha uani kuja kuwasha jiko, akamkuta Wambui chini ya ngazi, mwili umekwisha kupoa.

Nilisoma kutoka nyuma. Penseli nyekundu ilipata kazi, lakini si nyingi. Fuvu lilipasuka upande wa kisogo. Ndara moja ilikuwa ngazi za juu, nyingine mguuni. Zulia la ngazi lilikuwa limelegea ukingoni, na vumbi lililokuwa chini yake lilionyesha kwamba halikulegea jana. Juu ya kiwiko cha kushoto palikuwa na alama za vidole. Hapo nilisimama, nikampigia simu daktari aliyeuchunguza mwili. Alinijibu kwa subira ya mtu aliyeulizwa jambo hilo mara nyingi: mkono unaomshika mtu ili asianguke na mkono unaomshika ili kumsukuma huacha alama zile zile. Nikapiga mstari mwekundu chini ya vidole, nikaiacha sababu yake bila rangi. Kuhusu saa ya kifo, alitupa muda mpana wa kumtosha msema kweli na mwongo, na nafasi ikabaki.

Kisha nyeusi. Daktari Ndegwa alieleza kwamba waligombana jioni ile, akamshika mkewe mkono asiondoke wakati bado anazungumza, naye Wambui akajitoa, akaingia chumbani na kuubamiza mlango. Yeye akampigia simu ndugu yake wa Nakuru, kisha akalala chumba cha wageni. Mkewe, alidhani, alishuka baadaye kunywa maji. Peninah, aliyekuwa jikoni akiosha vyombo, alisikia ugomvi, akasikia kishindo, akasikia kimya. Kisha akaisikia sauti ya mwajiri wake juu ya ngazi, kwenye simu ya mezani. Maneno aliyoyasikia, Sajini Barasa, mpelelezi wa kesi, aliyaandika kwa Kiingereza chake safi, na ukiyarudisha Kiswahili yalikuwa na maana moja tu: nimemuua.

Kutoka jikoni huwezi kuona chini ya ngazi. Kona ya chumba cha kulia inaziba. Peninah alifunga mlango wa nyuma akaenda kulala.

Mnaona mambo yalivyokaa. Kila chenye rangi nyekundu kingeweza kuwa ajali. Kishindo kingeweza kuwa mlango. Nia yote ya kuua, jambo ambalo bila hilo hakuna kosa la kuua kwa kukusudia, ilikuwa imekaa ndani ya sentensi moja ya simu. Na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kunyongwa. Jaji alikuwa amekwisha kutuambia kwamba hatamweka Daktari Ndegwa kizuizini bila mwisho: Jumatatu fulani asubuhi tungesimama mbele yake na kusema tunamshtaki kwa kosa gani, au tumwachilie. Mkuu wetu aliniambia faili ni langu, maneno ambayo mkuu husema anapotaka lisiwe lake.

Niliandika ushauri wangu: ashtakiwe kwa kuua. Nikampelekea Bi Zuhura kwa ajili ya baraka zaidi kuliko kwa ajili ya maoni. Alisoma kutoka nyuma, akafika kwenye sentensi ile, akavua miwani.

"Huyu bwana alisema kwa lugha gani?"

"Kiswahili, nadhani."

"Wadhani." Akanisukumia faili. "Mwanangu, nia haipigwi picha. Waidaka kwa maneno tu, na maneno haya si ya bwana wala si ya msichana. Ni ya sajini. Kamwite msichana umsikie kwa sikio lako."

Peninah alikuja na Sajini Barasa. Alikuwa mwanamke wa Kitui, mpole, mwenye tabia ya kuufikiria mlango kabla ya kuupita. Nilimwomba arudie maneno aliyoyasikia, kama alivyoyasikia, bila kunitafsiria.

"Alisema, 'Nimemaliza yeye,'" akasema.

Nikaandika. Nikamwomba arudie tena.

"Alisema, 'Nimemaliza na yeye.'"

Msomaji wa pwani hataelewa kwa nini kalamu yangu ilisimama. Huko kwao mtu angesema nimemmaliza, au angesema nimemalizana naye, na jambo lingekwisha. Lakini sisi wa Nairobi tumeviacha viambishi vyetu njiani kama watu wanaohama kwa haraka. Kwetu, anayesema "nimemaliza yeye" huenda ameua. Anayesema "nimemaliza na yeye" huenda amechoka na ndoa tu, na kesho atatafuta wakili wa talaka. Kati ya kitanzi na talaka palikuwa na "na".

"Ni ipi kati ya hizo mbili, Peninah?"

Akanitazama kama mtu anayeombwa achague kati ya vikombe viwili vinavyofanana. Sajini Barasa, ambaye hakuwa mtu mbaya wala mvivu, alijinyoosha kitini.

"Madam, mimi niliandika venye nilisikia. Hiyo 'na' haikuwa."

"Ilikuwa, afande," Peninah akasema. Kisha, "Ama haikuwa."

Niliuliza tena, kwa upole, kisha kwa upole kidogo zaidi, maana wanasheria tunaamini kwamba upole ukiongezwa ukweli hutoka. Peninah akaweka viganja vyake juu ya meza yangu.

"Madam, ukiniuliza sana itapotea. Hata sasa nasikia sauti yako. Sisikii yake."

Nimesikiliza mashahidi wengi tangu siku hiyo, wakiwemo maprofesa. Sijapata kuelezwa vizuri zaidi jinsi kumbukumbu inavyochakaa mikononi mwa anayeitafuta. Niliacha kuuliza. Nawasihi nanyi mjue mahali pa kuacha; hakuna kozi inayofundisha hilo, nami nilifundishwa bure.

Tulikwenda Spring Valley, mimi, sajini na Peninah. Barabara zile zina kimya cha pekee, kimya cha ua mrefu uliokatwa vizuri. Peninah alinisimamisha mbele ya sinki, akafungua mfereji kama ulivyokuwa umefunguliwa jioni ile, akanipa sahani niioshe, kwa sababu, alisema, mikono ikiwa haina kazi masikio husikia zaidi. Sajini alipanda juu ya ngazi, akashika mkono wa simu, akatakiwa kusema mojawapo ya sentensi mbili bila kunijulisha ni ipi.

"Nimemaliza yeye," ilinijia kupitia mvumo wa maji. Au nilidhani hivyo. Nikapaza sauti kwamba hakuna "na".

"Nimesema na 'na', madam!"

Tukarudia. Akasema kwa sauti ya kawaida, akasema kwa hasira, akasema kama mtu aliyechoka. Safari nyingine nilipata, safari nyingine nilikosa, na nilipokosa nilikosa kwa uhakika kamili. Peninah akajaribu badala yangu, naye hakufanya vizuri zaidi. Wakati huo sajini alikuwa ameingia katika uigizaji wake kwa moyo wote, na tulipotoka tulimkuta mtunza bustani wa jirani amesimama juu ya kreti, kichwa juu ya ua, akitaka kujua nani amemalizwa tena. Sajini akamwambia aende akamwagilie maua. Yule bwana akajibu kwamba maua hayana haraka.

Ndugu wa Nakuru, nilipompigia, aliniambia kwamba Daktari Ndegwa alimweleza kuwa ndoa imekwisha. Nyeusi. Ndugu ni ndugu.

Wakati huo huo Mama Wambui, mzazi wa marehemu, alikuwa akinijia. Alikuwa na duka la mapazia Dagoretti Corner. Mimi nilikulia Waithaka, mwendo mfupi kutoka pale, na siku ya kwanza alipoingia ofisini hakuuliza kuhusu kesi. Aliuliza, "Wewe ni wa kwa nani?" Nilipomtajia baba yangu, mwalimu, akasema huyo ndiye aliyemfundisha kaka yake mdogo na kumchapa bila sababu. Kisha akatazama dirisha langu. "Hii pazia yenu ni fupi." Ndipo akasema alichokuja kusema: kwamba huyo mtu amemuua mtoto wake, na anyongwe, na kwamba watu wa kwetu wanangoja kuona kama mtoto wa mwalimu atamwogopa tajiri wa Spring Valley.

Watu wa kwetu walikuwa wakingoja kweli. Baada ya ibada walinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Magazeti nayo yalikuwa yamekwisha kuamua. Na kwa haki yote, nami nilikuwa nikitamani iwe alisema bila "na". Ni jambo la aibu kidogo kujikuta ukitamani sentensi iwe mbaya zaidi ili kazi yako iwe rahisi, lakini liandikeni mahali mlione: mizani huegemea kwanza ndani ya anayeishika.

Ijumaa ya mwisho kabla ya ile Jumatatu, Mama Wambui alikuja tena. Safari hii hakutazama pazia. Alikaa, mkoba mapajani, akaanza kunisimulia juma lile la kwanza, wakati mwili ulipozuiliwa ili uchunguzi wa daktari ukamilike. Sidhani alikuwa akiniambia mimi hasa. Alikuwa akisimulia kama watu wanavyokunja nguo, ili mikono iwe na kazi.

"Nilikaa pale mochari tangu asubuhi," akasema. "Kila mtu akitoka nasimama. Nikaona yule kijana wa koti nyeupe, nikamuuliza, 'Mmemaliza yeye?' Akaniambia bado, mama, rudi kesho."

Niliweka penseli chini.

"Mama, ulimuuliza nini?"

"Kama wamemaliza yeye. Nilitaka kumpeleka nyumbani."

Hakuona lolote usoni mwangu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mama aliyemtaka mkwewe kitanzini alikuwa amenitamkia sentensi ile ile, bila "na", neno kwa neno, na ndani yake hapakuwa na kifo kingine wala nia yoyote, ila mzazi anayetaka kuzika. Kwa juma zima nilikuwa nimesimama kwenye sinki la watu nikitafuta silabi, na kumbe hata ningeipata au kuikosa, sentensi isingebeba nilichotaka kuitwisha. Nairobi mtu humaliza sahani, humaliza deni, humaliza maiti, humaliza ndoa, vyote kwa kitenzi kimoja kisicho na viambishi.

Nilimuuliza, kwa sababu nilihitaji kusema kitu, anataka nini Jumatatu. Nilitarajia neno la kamba. Alifikiri.

"Mimi sijui sheria. Lakini huyo mtu, hakuna mtu amemuuliza mbele yangu. Polisi wamemuuliza huko kwao. Wewe umesoma kwa makaratasi. Nataka aulizwe, mimi nikiwa nimekaa hapo, namuona."

Alipoondoka nilivuka ukumbi kwa Bi Zuhura, nikamsimulia. Aliizungusha penseli nyekundu vidoleni.

"Basi Mungu amekuletea shahidi usiyemwita," akasema. Kisha akaninyooshea ile penseli. "Lakini usimtaje. Usimtaje failini, wala mahakamani, wala kwa mkuu. Usije ukamfanya mama huyu ndiye aliyemfungulia mlango yule bwana. Hoja ipo bila yeye. Kiswahili cha watu wote wa mji huu kitakutolea ushahidi."

Nilimtii. Miaka mingi baadaye nilimweleza Mama Wambui mwenyewe, dukani kwake, nikiwa nimekwenda kununua kitambaa, wakati nilipoona kwamba kunyamaza kunaanza kufanana na kuficha. Aliendelea kupima kitambaa hadi mwisho wa meza, akakata. "Ni vizuri hukuniambia siku hiyo," akasema. Hatukulizungumza tena, na tangu hapo alinichagulia vitambaa yeye mwenyewe, bila kuniuliza ninachokipenda.

Nilikuwa bado na jaribu moja, nami nalitaja kwa kuwa litawajia nyote. Nilimuuliza Bi Zuhura kama nisingeweza kumshtaki Daktari Ndegwa kwa kosa dogo zaidi, la kuua bila kukusudia. Si ndilo lililokaa katikati? Pasingekuwa na kitanzi, na Mama Wambui angepata kitu.

"Kwa ushahidi upi wewe wajua kwamba alimsukuma?" akauliza.

Sikuwa nao.

"Basi hilo si katikati. Hiyo ni nusu kilo unayompunja kila mmoja ili wasikupigie kelele." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akanieleza nilichokijua lakini sikukiona. Mshtakiwa ana haki ya kunyamaza tangu mwanzo hadi mwisho wa kesi. Mawakili wake wangemkalisha pale kama sanamu, Mama Wambui asisikie hata sauti yake. Na akiachiliwa na jaji kwa upungufu wa ushahidi, mlango umefungwa. Hata kesho akijitokeza mtu aliyeona, hatuna pa kumpeleka. Lakini tukiomba uchunguzi wa wazi wa chanzo cha kifo, mbele ya hakimu, Daktari Ndegwa ataitwa kama shahidi, ataapishwa, ataulizwa. Na mlango utabaki wazi.

"Aulizwe," nikasema. Ndilo neno aliloliacha Mama Wambui kwenye kiti changu.

"Watu watasema umenunuliwa," Bi Zuhura akasema, akivaa miwani. "Wewe jiulize tu ni rangi gani utakayopiga chini ya hayo."

Jumapili alasiri niliketi kwenye meza ya jikoni kwetu nikaandika nitakachosema. Niliandika kwa Kiingereza, kama nilivyoandika kila kitu kwa ajili ya mahakama. Nilipousoma ukurasa nikamwona akilini Mama Wambui kwenye benchi, akingoja mkalimani ampe kwa Kiswahili kilichobaki cha maneno yangu, yakiwa yamevuka mto ule ule ulioyavuruga maneno ya Peninah. Niliuchana ukurasa ule. Niliamua mambo mawili, na la pili lilinitisha kuliko la kwanza: kwamba sitamshtaki Daktari Ndegwa kwa kuua, na kwamba nitalisema hilo kwa Kiswahili, kwa kinywa changu, mama akisikia.

Asubuhi iliyofuata ukumbi wa mahakama ulijaa hadi kwenye mlango. Daktari Ndegwa alikuwa kizimbani, koti limemlegea mabegani. Peninah alikuwa amekaa nyuma karibu na Sajini Barasa. Mama Wambui alikuwa benchi la mbele na dada zake, wote wamefunga vitambaa vyeupe kichwani. Bi Zuhura, ambaye hakuwa na kesi siku hiyo, alikuwa amesimama ukutani akijifanya anamngoja mtu.

Kesi ilipotajwa nilisimama nikaomba ruhusa ya kuzungumza Kiswahili. Jaji akainua macho.

"Wakili, mkalimani wetu ana tatizo?"

"La, Mheshimiwa. Leo sitaki kumpa kazi."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Jaji akanitazama, akatazama benchi la mbele, akaashiria niendelee. Nilisema kwamba upande wa mashtaka umepima ushahidi wote na haukupata, katika hali yake ya sasa, uthibitisho wa nia ya kuua. Kwamba hauombi Daktari Ndegwa ashtakiwe leo. Kwamba unaomba faili lipelekwe kwa hakimu kwa uchunguzi wa wazi, ili kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile aapishwe na aulizwe mbele ya watu. Mnung'uniko ukapita ukumbini. Nilisikia mtu akisema nyuma yangu kwamba alijua. Sikugeuka. Nilimtazama jaji, kama inavyotakiwa, lakini nilikuwa nikisema na kitambaa kimoja cheupe kilichokuwa pembeni mwa jicho langu, ambacho hakikuwa kimetikisika.

Jaji akauliza kama familia ichukulie kwamba, kwa ombi hili, Serikali imelikunja jambo hili.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Serikali haijamaliza na Wambui."

Ile "na" niliitamka peke yake, polepole, nikangoja mpaka kalamu ya karani ilipoipita.